Upinde Uliovutwa Bila Mshale

Mwanangu Mfaume,

Kuna jambo sijamwambia mtu, si bibi yako, si mjomba wako, wala sikulitamka hata nilipokuwa peke yangu kisimani. Upinde wa baba yako, ule uliompasua jicho, niliuvunja mimi.

Basi nimeandika. Nimeweka kalamu chini kidogo, kisha nimeishika tena.

Salamu sikuweka kwa kuwa tumeamkiana asubuhi. Umekwenda na mjomba wako kuaga jamaa, na mmesema mtarudi kabla ya magharibi. Mambo ya safari yako ya kesho kwenda kwa baba yako Kilambo sitayagusa. Bibi yako amekwisha kukuambia habari za chumvi, za kutokunywa maji ya Ruvuma hivi hivi, na za kumwamkia mke wa baba yako kabla hajakuuliza u mtoto wa nani. Mimi nakuandikia asiyoyajua bibi. Nakuandikia kwa sababu unanijua. Mgeni akipiga hodi, mama yako mdogo huyu anakwenda nyuma ya ghala na kukaa huko mpaka mgeni aondoke. Nina miaka kumi na minane na hapa kijijini bado wananiita Kimya, kama vile ndilo jina nililosomewa siku ya arobaini.

Huku kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hakuna anayeuliza umri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ulipoanza kulala kwenye mkeka wangu, wewe ukiwa na mitano. Ulikuwa unalia usiku ukimwita mama yako, nami naitika.

Mwaka ule wanaume wengi walikuwa Mtwara wakijenga bandari. Mjomba wako Salumu alikuwa huko pia, akibeba saruji. Walibaki wazee na baba yako, ambaye alikuja kuoa kwetu kutoka Kilambo akakaa kwa wakwe, kama ilivyo desturi. Nguruwe walijua kwamba wanaume hawapo. Walikuwa wanaingia kwenye mihogo kila jioni, kwa hiyo baba yako hakuuvua upinde wake kamba. Wiki nzima ulikaa umekazwa, umetundikwa kwenye kigingi juu ya mafiga, moshi na joto vikiukausha. Hayo yote ni makosa, lakini nimekuja kuyajua baadaye. Wakati ule niliona upinde tu, mweusi kwa moshi, unang'aa pale mkono unaposhika, nami nilikuwa nautamani kwa kitu kimoja. Nilitaka kuusikia ukilia.

Baba yako alipouachia ulitoa sauti moja nene, halafu basi. Mimi ambaye sauti yangu haifiki mlango wa pili niliipenda sauti ile mpaka nikawa namfuata shambani kuisikia.

Mchana mmoja wote walikuwa shamba. Mimi nilibaki nianue makopa ya muhogo mvua ikija. Nikapanda kigoda, nikaushusha. Mkono wangu haukuweza kuuvuta, basi nikafanya kama nilivyowaona watoto wa kiume wakifanya na pinde zao za mchezo. Nililala chali sakafuni, nikaweka nyayo zangu zote mbili kwenye mti, nikavuta kamba kwa mikono miwili mpaka kifuani. Mshale sikuwa nao. Nikaachia.

Ulilia. Nikacheka peke yangu. Nikaachia mara ya pili. Mara ya tatu ulilia, na ndani ya kile kilio nikasikia kitu kingine, kidogo, kah, kama kopa kavu linapovunjwa kwenye goti.

Ufa ulikuwa mgongoni mwa upinde, ule upande unaomtazama nguruwe. Mwembamba kama unywele. Bibi yako alikuwa amechoma korosho asubuhi na maganda yalikuwa bado pale kwenye kigae. Nikayaminya. Mafuta yale meusi nikayapaka juu ya ufa, nikapaka na masizi juu yake, mpaka mimi mwenyewe sikuuona tena. Unajua mafuta ya ganda yanavyokula ngozi. Nilikuwa bado napaka niliposikia nyayo uani. Kigingini sikufika. Nikauegemeza upinde nyuma ya mlango na kuingia chumbani, nikaficha vidole kwenye kanga.

Upinde hauegemezwi, Mfaume. Unateleza. Usiku uliteleza ukalala kizingitini, na alfajiri, giza bado, mama yako alipita na mtungi kwenda kisimani.

Baba yako aliamka akaukuta chini, akaunyanyua, akautazama juu juu. Jioni yake nguruwe dume alitoka kwenye mihogo. Baba yako akavuta mpaka shavuni. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua ishirini hivi. Nilikuwa nimemfuata tangu nyumbani nikitaka kumwambia, na kila nilipofungua mdomo nikajiambia, akifika kwenye ule mkorosho. Akiupita ule mkorosho. Sikuwahi. Upinde ulikatika katikati na kipande cha juu kikarudi usoni mwake.

Alirudi nyumbani akitembea mwenyewe, ameshika kitambaa. Bibi yako alimwosha. Alipomaliza alikwenda kuviokota vile vipande viwili, akaviweka uani, akatuita mimi na mama yako, maana wanawake wa nyumba tulikuwa sisi watatu tu.

"Nani ameuruka upinde huu?"

Mwiko wenyewe unaujua, umefundishwa jandoni: mwanamke akiuruka upinde, upinde humgeukia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kushoto wa mama yako. Vidole vyangu vitatu vilikuwa vimechubuka na vinatoa maji chini ya kanga. Nilingoja dada yangu aseme si yeye, ili nami niseme si mimi, tubaki na upinde uliovunjika wenyewe.

Mama yako akasema, "Alfajiri kulikuwa na kitu kizingitini. Nilinyanyua mguu nikapita. Kumbe ndio huo? Basi ni mimi, mama. Nimeuruka."

Hivyo tu. Mtu mwingine angekaa kimya, nani angejua? Yeye alisema kweli, na ile kweli yake ndogo ikafunika uongo wangu wote.

Baba yako hakumpiga. Laiti angempiga. Alisema, "Somoe, ungeniambia tu, mke wangu, ningeuacha nyumbani." Jicho halikupona. Ndugu zake walikuja kumchukua, na kisimani wanawake wakaanza kusogeza ndoo zao mama yako akifika, kila mmoja akiukumbuka upinde wa mumewe. Alivumilia mpaka mavuno. Halafu akaenda Mikindani kupika vitumbua na kuviuza, akakuacha kwangu. Siku anaondoka alinishika mikono, akaona makovu, akasema, "Mdogo wangu, jitunze na hizo korosho."

Nilimwambia bibi kwamba nilikuwa nabangua. Kila mtu aliamini.

Sisemi kwamba mwiko ni uongo. Sijui. Lakini kama ni mguu wa mwanamke, mama yako alipitisha mmoja mara moja gizani, na mimi niliweka miwili juu yake mchana kweupe. Hesabu ya miguu pia inanijia mimi.

Watu wote walisema upinde umevunjika. Neno hilo lilinilea. Umevunjika: hakuna mtu ndani yake, ni mti na bahati mbaya. Nilipopelekwa kwa shangazi Mikindani nisome, wewe ukabaki na bibi, tukafika darasa la Kiingereza, mwalimu akaandika ubaoni sentensi kumi zisizo na mtendaji. Dirisha lilivunjwa, mtungi ulimwagwa, mlango uliachwa wazi. Akatuambia tuziandike upya, kila moja tumtaje aliyefanya. Wenzangu waliandika mbuzi, mtoto, upepo. Mimi niliandika mimi, zote kumi. Mwalimu alisoma daftari langu mbele ya darasa. "Binti, shule hii umeivunja yote peke yako?" Walicheka mpaka kengele ikalia. Nilikuwa nimefundishwa kwa lugha mbili, na hiyo ndiyo mara pekee niliyoungama, katika lugha ambayo hakuna mtu wa nyumbani anayeielewa. Hata neno la bibi yako, nangu, yaani mimi, ambalo mtoto wa miaka miwili analijua, halikunitoka.

Sasa nisikilize kuhusu upinde wako.

Mjomba wako alipokuwa anakuchongea, ulidhani nimekaa pale kuchambua choroko. Nilikuwa nasikiliza kila neno. Nilikuona ukiegemea ule mti kama mzee, naye akakuambia, "Huo si mkongojo, Mfaume. Ukichoka, kaa chini kama watu." Siku ulipouacha juani akakuuliza kama unauanika uwe kopa. Na alipokukuta umelala nao umekazwa kamba, alikuamsha kwa kidole cha mguu. "Wewe ukilala unakunja goti au unanyoosha? Basi na mwenzako mnyooshe." Yeye mwenyewe aliusahau wake darini umekazwa alipokwenda bandarini, na aliporudi ulikuwa umepinda moja kwa moja, bibi akautumia kuangushia mapapai. Hilo hapendi kulitaja.

Lakini moja alilirudia bila utani. Alikukamata mkono. "Usivute ukaachia mtupu. Hata kwa mchezo. Mshale ndio unaoondoka na nguvu. Usipokuwapo, nguvu yote inarudi kwenye mti, na mti hauna pa kuipeleka." Nilikuwa nimeinamia choroko. Nilihisi vile vidole vitatu vikiwaka, miaka sita baadaye.

Juzi alasiri ulikuwa nyuma ya mikorosho na nikausikia ukilia. Mlio wenye mshale unakatika. Mlio mtupu unatetemeka na kurudi. Nimeusikia mara tatu maishani mwangu kabla ya juzi, siwezi kuukosea. Ulilia mara mbili. Halafu hukurudi mpaka jioni, na uliporudi upinde ulikuwa umeviringwa kitambaa chekundu pale juu ya mshikio. Bibi akakuuliza ni cha nini. Ukasema, "Urembo, bibi. Kilambo wasinione mshamba."

Tulicheka. Nilicheka na mimi.

Leo asubuhi mama yako alishuka kwenye lori la mwenye duka, akatembea toka barabarani na kifurushi kichwani. Amekuletea shati la kaki, limeshonwa na fundi. Wewe ulikuwa kibarazani na upinde magotini. Alipokaribia, hukumwamkia kwanza. Ulisema, "Mama, zunguka nyuma. Upinde uko hapa."

Akasimama. Nilimwona anatafuta pa kuweka macho. Halafu akasema, "Haya, baba. Umeupamba vizuri," akazunguka ghala na kuingilia mlango wa nyuma wa nyumba aliyozaliwa. Shati ulilipokea ukashukuru kama unamshukuru mwenye duka.

Nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kukukasirikia. Ndiyo maana mlipotoka niliuchukua upinde wako. Ndiyo, nimeushika mwanamke mimi, kwa mikono yote. Nilitaka nikufungulie kile kitambaa cha majivuno. Nikakifungua, na chini yake sikuona kitu, macho yangu ni mabovu kwa vitu vidogo. Nikatoa sufi kwenye mto wangu, nikaipitisha polepole mgongoni mwa mti kama nilivyomwona mjomba wako akifanya alipomaliza kuuchonga. Siku ile sufi ilipita yote. Leo ilipita, ikapita, ikafika juu ya mshikio ikanasa. Nikarudia kutoka upande wa pili. Ikanasa palepale, ikabaki imeshikwa na kijiti ambacho siwezi hata kukiona.

Nilikaa chini, Mfaume. Hasira yote ilinitoka.

Sijui ulipokuwa unamwambia mama yako azunguke ulikuwa unawaza nini. Asubuhi niliona dharau. Sasa nashindwa kujua. Pengine ulijua mti una ufa, na ulijua ukigundulika wakati yeye yuko hapa watasema nini, ukataka apite mbali ili kusiwe na wa kusema. Kama ni hivyo, wewe ni mwema kuliko mimi. Lakini haitasaidia. Mjomba wako amesema akirudi atautia kamba na kuuvuta yeye mwenyewe uwanjani mara moja, mbele ya jamaa, akuachie ukiwa na dua zake. Ukimkatikia mikononi, au akiuona ufa, atauliza swali lile lile ambalo bibi yako aliuliza, kwa sababu hilo ndilo swali watu wetu wanalolijua. Na hata kama mama yako amezunguka ghala mara saba, macho yote yatakwenda nyuma ya nyumba. Na yeye, namjua, atakaa akijichunguza kama hakuukanyagia hata kivuli, mpaka apate kitu cha kukiri.

Kamba ya upinde wako ninayo mimi. Nimeifunga kiunoni chini ya kanga. Hakuna atakayeuvuta leo. Mkirudi mkaikosa, msimtazame mtu mwingine.

Sitakuambia ukaseme. Nani mimi wa kukuambia hivyo? Nitakuambia ninachokijua tu. Nilidhani siku ya kwanza ndiyo ngumu, zinazofuata zitakuwa nyepesi. Ilikuwa kinyume. Siku ya kwanza ningechapwa, bibi yako ana mkono mzito, lakini ni mkono tu. Mwezi uliofuata ingekuwa ni kusema mbele ya ndugu za baba yako waliokuja kumchukua. Mwaka uliofuata ilikuwa ni kwenda Mikindani na kumwambia dada yangu mbele ya kikaango chake. Kila nilipochelewa, niliopaswa kuwaomba msamaha waliongezeka. Sasa umeongezeka na wewe, ambaye umekua bila mama mlangoni kwa sababu nilitaka kusikia mlio.

Mti wa mkole uko mwingi bondeni. Mjomba wako atachonga mwingine kwa wiki mbili na atakutukana kwa wiki mbili, atakupa jina litakalokufuata mpaka uote ndevu. Baba yako atangoja. Kwa jicho moja hawezi tena kupima umbali wa mnyama, ndiyo maana amekuita ulinde mpunga, lakini amengoja miaka sita, wiki mbili si kitu. Angalau utafika na upinde usiokurudia usoni. Hilo ndilo lililonitoa machozi, si dhambi yangu. Kwamba ungesimama kwenye mpunga wa Kilambo, nguruwe mbele, na kitambaa chekundu kimefunika kile kile nilichopaka masizi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuitia barua hii mfukoni mwa shati jipya, uisome njiani kesho. Nilifurahi hata, kwamba utakuwa mbali na sitakuona uso. Nimeandika mpaka hapa na naona ni kuegemeza upinde nyuma ya mlango tena. Kesho asubuhi mama yako atakuwa amekwisha kutazamwa.

Jua limefika kwenye paa la ghala.

Nasikia nyayo. Si zenu. Nyinyi mtapita mbele, na mjomba wako huanza kelele tangu kwenye mikorosho. Hizi zinatoka nyuma, polepole, zinazunguka ghala. Katika nyumba hii leo ni mtu mmoja tu anayepita nyuma.

Mkono umevuta kanga wenyewe kufunika karatasi. Nimeurudisha. Karatasi iko juu ya mkeka, wazi, na kamba nimeifungua kiunoni nikaiweka kando yake.

Mama yako hajui herufi hizi, alisoma za Kiarabu tu, za chuo cha Kurani. Ataniuliza, mdogo wangu, unaandika nini. Kuisoma mwenyewe hawezi. Itanibidi nimsomee mimi, kwa sauti, kuanzia mstari wa kwanza.